Usiku niliohesabu matairi barabara ya Mandela

Ilikuwa kama saa sita kasoro usiku, nipo kwenye daladala za mwisho mwisho natoka Temeke narudi zangu Tabata, tumefika Buguruni konda akapiga bodi mara mbili, dereva akazima gari kabisa. Mimi nikajua ajali. Maana foleni ya Mandela tunaijua, honi, matusi, bajaji zinachomekea mpaka kwenye mtaro, lakini hii ilikuwa kimya, trafiki kasimama katikati ya barabara na tochi nyekundu na hakuna mtu anayebishana naye, yaani hata boda wametulia. Hapo ndo nikajua kuna jambo.

Tukashuka. Kwanza ikapita difenda ya polisi na taa zake, halafu pikapu yenye taa ya chungwa na bango la mzigo mpana, halafu kichwa cha lori, sio hivi tulivyozoea vya kwenda Zambia, hiki kilikuwa kifua mbele na nyuma kimepakiwa mazege ya kukipa uzito, na nyuma yake likaanza kuja lile dude. Sanduku la chuma la kijivu, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, limekaa juu ya tela refu lenye matairi madogo madogo kibao, na nyuma kabisa kuna kichwa kingine kinasukuma. Na mwendo wake jamani, mwendo wa bibi harusi anaingia ukumbini. Hatua, hatua, anasimama, anapigwa picha, hatua.

Juu ya mzigo walikuwepo vijana wawili wamevaa glavu, mmoja ameshika fito refu la plastiki lenye panda kwa mbele, kama lile la kuangulia maembe. Kila wakifika kwenye waya uliokatiza barabara anaunyanyua taratibu, anatembea nao juu ya mgongo wa lile sanduku mpaka mwisho, anaushusha upande wa pili, anarudi mbele kusubiri mwingine. Yaani mzigo wa mahela yasiyohesabika unategemea kijana na fito la maembe. Nikasema hii ndo Bongo, kumbe baadae nikaja kujua dunia nzima wanafanya hivyo hivyo.

Ila aliyenikamata macho sio wao, ni mzee mmoja aliyekuwa anatembea kwa miguu pembeni ya tela, kajifunga kisanduku kifuani chenye vijiti vya kuchezea kama gemu, koti la kung'aa, ndala... hapana, buti, ila alikuwa anaburuta kama amevaa ndala. Yeye ndo alikuwa anazikatisha kona zile tairi za nyuma kwa rimoti. Na katika muda wote niliomtazama hakuinua kichwa kuangalia mzigo hata mara moja, macho yote chini, kwenye matairi.

Basi na mimi nikaanza kuyahesabu. Mstari mmoja kwa upana una matairi 8. Mistari nikahesabu 14. Hapo hapo watu wameshaanza, mmoja anasema transfoma ya bwawa la Nyerere, mwingine anasema mtambo wa mgodi Geita, dada mmoja akasema mashine ya treni ya umeme, wa bwawa akawa mkali anasema yeye anajua, pale Rufiji kuna mashine 9 kila moja megawati 235, jumla 2,115, sasa huo umeme utatokaje bila transfoma? Hesabu zake zilikuwa sahihi, na mbishi akawa hana la kusema.

Jumamosi nikaenda kwa mjomba Yombo.

Mjomba wangu huyu ameanzia utingo miaka ya 80, akaja kuwa dereva wa masafa, Tunduma, Lubumbashi, huko kote, na miaka yake ya mwisho akaendesha lobedi, kazi ya kubeba vijiko na makatapila kuyapeleka saiti. Sasa hivi kastaafu mgongo unamsumbua. Geti lake linazuiwa lisijifunge kwa gogo, na hilo gogo sio la kuokota, ni lile lile alilokuwa analirusha chini ya tairi akiwa utingo kwenye mlima Kitonga, lori likikata pumzi anaruka nalo kabla halijaanza kurudi nyuma. Limelika upande mmoja. Ukimwambia alitupe anakuangalia kama umemtukana mama yake.

Nikamsalimia, shikamoo anko, marahaba mpwa, kahawa, nikamwambia nilichokiona. Nikategemea atashangaa ukubwa. Hakuuliza ukubwa hata kidogo, aliuliza, "matairi mangapi?" Nikamwambia 112. Akacheka, akasema umehesabu, we mtoto wa dada yangu kweli.

Akaniambia chukua simu piga hesabu. Tuseme transfoma tani 120, tela lenyewe tani 50, jumla 170. Gawa kwa 112. Ikaja tani moja na nusu kwa tairi. Akasema haya sasa, lori la kawaida hili la semi, sheria ya Afrika Mashariki inakupa mwisho tani 56 kwa gari zima, na ekseli moja yenye matairi manne inakupa tani 10. Gawa. Tani mbili na nusu kwa tairi. "Kwa hiyo mpwa, nani anayeumiza barabara?"

Nilikaa kimya kidogo, maana nilikuwa nimeshaandika statasi ya kulalamika barabara yetu inaharibiwa na mizigo mikubwa, nikaifuta hapo hapo.

Na sio tani tu, nikaja kusoma mwenyewe baadae, Wamarekani walifanya majaribio makubwa kule Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazungusha malori kwenye barabara usiku na mchana mpaka zikafa, na kilichopatikana ni kwamba ukiongeza uzito kwenye ekseli mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili, unaongezeka kama mara 16. Kwa hiyo yule jamaa anayezidisha mifuko ya saruji anakatiza njia za panya usiku kuukwepa mzani, yule ndo adui, sio hili dude lenye polisi na kibali. Mjomba anasema alipokuwa barabarani aliuchukia mzani wa Vigwaza kuliko malaria, sasa hivi akipita kwenye basi anauangalia vizuri tu.

Lakini matairi mengi peke yake hayatoshi, na hapa ndo mjomba alinifundisha kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Ukiweka matairi 112 kwenye chuma kilichonyooka halafu barabara ina tuta, yale matairi yaliyo juu ya tuta yatabeba kila kitu na mengine yataning'inia hewani. Sasa zile tela kila ekseli ina jeki yake ya oili, na hizo jeki zimeungwa kwa mipira, oili inatembea kutoka moja kwenda nyingine. Tairi likipanda kwenye tuta jeki yake inasukumwa juu, oili inakimbilia kwa wenzake, wenzake wanajinyoosha kidogo kushuka, mzigo juu haujui chochote. Ni kama wanaobeba jeneza, mmoja akikanyaga shimo wengine wanainama kidogo marehemu asiyumbe. Huo mfano ni wa mjomba sio wangu, mimi nilitaka kutumia wa sofa kwenye ngazi.

Na transfoma haitakiwi kuyumba kweli. Akaniambia zinasafirishwa zimetolewa mafuta, kupunguza uzito, ndani wanajaza hewa kavu au naitrojeni unyevu usiingie, na kunakuwa na kijisanduku kinachorekodi kila mtikisiko toka kiwandani. Ikifika wanafungua kijisanduku kwanza. Kama uliiangusha ukanyamaza, kitasema.

Nikiwa kwangu usiku nikaanza kutafuta madude mengine, si unajua ukishaingia humo hulali. Nikakutana na Bagger 288 ya Wajerumani. Hii ni mashine ya kuchimba makaa ya mawe, ilitengenezwa na Krupp, ikaanza kazi 1978, ina uzito wa tani 13,500, urefu mita 220, kwenda juu mita 96, yaani kama ghorofa 30, na mbele ina gurudumu lenye ndoo 18 linalozunguka linakula mlima. Tani 13,500 ni malori kama 240 yaliyojaa mpaka mwisho wa sheria. Na haitumii dizeli, inavuta umeme kwa waya, megawati zaidi ya 16.

Sasa 2001 kazi yake kwenye mgodi mmoja ilikuwa imeisha, wakataka kuipeleka mgodi mwingine kilomita 22 mbele. Kuifungua na kuifunga upya ni gharama na muda, wakasema itembee. Ikatembea. Wiki tatu, watu kama 70, ikavuka barabara kuu, ikavuka reli, ikavuka mto Erft. Kilomita 22 ni kama Posta mpaka Mbezi Mwisho hivi, wiki tatu, na kuna Ijumaa za mwisho wa mwezi nimewahi kuhisi na mimi nimetumia huo muda.

Ila kilichonimaliza sio kuvuka mto. Ni kwamba kwenye baadhi ya sehemu walipanda nyasi kabla haijapita. Nyasi! Tani 13,500 inapita juu ya nyasi. Kwa sababu ina minyororo 12, kila mmoja upana karibu mita nne, ule uzito umesambaa mpaka kila sentimita ya mraba inabeba chini ya kilo mbili. Nikamwonyesha wife, nikamwambia unakumbuka send-off ya mdogo wako, pale garden, visigino vyako vilikuwa vinazama kwenye majani mpaka ukavua viatu ukatembea peku mbele ya MC? Akasema ndio. Nikamwambia basi hili lidude lingepita pale pale lisingezama kama wewe. Nimelala sebuleni siku hiyo. Lakini fizikia ni fizikia.

Turudi kwa mjomba kwanza, maana kuna kisa lazima nikiseme, kinaonyesha upande wa pili, pale ambapo tumbo la tela ni refu na matairi hayana oili ya kugawana.

Nimemaliza form four, nasubiri matokeo, mjomba akanichukua kwenye trip moja nikashike bendera nyekundu. Lobedi ya bosi wake imebeba kijiko, tunakipeleka Goba ndani ndani kwenye kiwanja cha mtu. Bosi alikuwa ametuambia njia ameikagua. Hakuikagua, alipita na Prado yake akaona pazuri. Sasa kuna mtaa mmoja wananchi walijenga tuta wenyewe baada ya mtoto kugongwa, na wananchi wakijenga tuta wanajenga kwa hasira, likawa kama kaburi. Kichwa kikapanda kikashuka, tumbo la lobedi likakaa juu ya tuta, kwisha. Matairi ya kichwa yanazunguka yanatoa moshi, tela haliendi mbele wala nyuma, saa kumi na moja jioni, pande zote mbili daladala, wanafunzi, boda, gari la harusi na tarumbeta lao. Nilitukanwa siku ile matusi ambayo nilikuwa siyajui na mimi nimekulia Tandika. Bendera yangu ikawa haina maana yoyote.

Watu wakaanza kushauri, maana Dar kila mtu ni injinia. Chimbeni tuta! Wenye mtaa wakakataa, wakasimama juu ya tuta lao, mama mmoja akakaa kabisa. Leteni winchi! Winchi ipo Kariakoo na sisi tuko Goba. Mjomba yeye hakusema kitu, akazunguka gari lote mara moja, akachuchumaa, akaangalia tumbo, akamwita opereta wa kijiko.

Wakashusha ngazi za nyuma, opereta akakishusha kijiko, ila minyororo yake ya chuma ingechana lami, kwa hiyo mimi na vijana wa pale tukawa tunapanga matairi mabovu chini, kijiko kinapanda juu ya matairi, tunachukua ya nyuma tunakimbia nayo mbele, tunapanga tena, hivyo hivyo mpaka kikafika ubavuni mwa tela. Matairi yale tuliyapata kwa fundi pancha, alitudai elfu kumi ya kukodi, sijawahi kusikia mtu anakodisha tairi bovu. Opereta akaingiza bakuli la kijiko chini ya chesisi, mjomba akaweka kipande cha mbao katikati chuma kisiteleze, akanyoosha kidole kimoja. Mkono wa kijiko ukanyanyuka kidogo tu, kama mama anavyomnyanyua mtoto aliyelala asiamke. Tela likaachia tuta. Kichwa kikavuta, mita nne, tano, basi. Aliyekuwa amebebwa ndo kamnyanyua aliyembeba. Watu wakapiga makofi, gari la harusi wakapiga tarumbeta, mama akashuka kwenye tuta lake.

Mwisho wa mwezi bosi alimkata mjomba hela ya siku nzima, kisa kuchelewesha mzigo. Sitamtaja. Elfu kumi ya fundi pancha pia haikurudi.

Basi Jumapili iliyofuata nikarudi Yombo na simu, safari hii mimi ndo mwalimu. Nikamwonyesha kwanza lile jukwaa la NASA la kubebea roketi, mawili yapo, yalitengenezwa 1965, kila moja lilitengenezwa na uzito wa tani 2,700 na ushee, minyororo minane, likiwa na mzigo linaenda kilomita moja na nusu kwa saa, mtoto anayejifunza kutembea analipita. Njia yake imemwagwa kokoto za mtoni, na pale mwisho kuna kilima cha asilimia 5 kupanda kwenye kituo cha kurushia. Roketi imesimama wima juu yake, haijafungwa kamba kama tunavyofunga kabati kwenye Kirikuu, na wanapanda nayo kilima huku jeki zinashusha upande huu zinapandisha ule, sahani inabaki imelala sawa. Mjomba akasema huyo ni mwanamke wa kijijini na ndoo ya maji kichwani, hajashika, na anaongea na simu. Nikaona ndo maelezo bora kuliko niliyosoma.

Nikamwonyesha na ile meli ya Blue Marlin inayojizamisha kwa makusudi, inajaza maji matangi yake, sitaha inashuka chini ya bahari, meli nyingine inaelea juu yake, halafu inatoa maji inapanda nayo. Ndo iliyoibeba meli ya kivita USS Cole kutoka Yemen kurudi Marekani mwaka 2000, imetobolewa ubavu. Akaniambia acha uongo. Nikamwonyesha picha. Akasema picha siku hizi zinatengenezwa. Tukaiacha hiyo.

Halafu nikafungua ya Endeavour. Hiki chombo cha anga, mabawa mita 24, Oktoba 2012 walikitoa uwanja wa ndege wa Los Angeles wakakipitisha mtaani, kilomita 19, mpaka makumbusho. Mtaani kabisa, kwenye maduka, watu wamekaa na viti vyao barazani. Walikata miti kama 400 ili mabawa yapite, na mingine bawa linapita juu ya geti la mtu. Kilibebwa na vitoroli vya matairi mengi vinavyojiendesha vyenyewe, vile vile vya jeki za oili, hakuna hata kichwa cha kuvuta. Ila walipofika kwenye daraja la juu ya barabara kuu, daraja likawa haliruhusiwi kubeba vile vitoroli na mzigo kwa pamoja, wakakihamishia kwenye kigari chepesi zaidi, na kilichokuja kukivuta ni Toyota. Pikapu ya Toyota Tundra, ya kununua dukani.

Mjomba akasimama na mgongo wake mbovu. "Toyota?" Toyota anko. Akaita jirani. Jirani ana Noah, akaangalia, akatoka nje kwenda kuiangalia Noah yake upya.

Niliwaambia hiyo sio nguvu ya Toyota peke yake, mzigo ukishakaa kwenye magurudumu sawasawa na barabara imelala, kuuvuta sio kazi kubwa kama unavyodhani, na kwa kweli hiyo ilikuwa pia tangazo la biashara. Hawakunisikiliza. Jirani ameshaamua.

Mjomba alikaa, akaniambia rudisha nyuma, kabla ya daraja. Nikarudisha. Rudisha tena. Kuna jamaa pale anatembea kwa miguu pembeni ya kile chombo, kisanduku kifuani, vijiti viwili. Watu elfu nzima wanapiga kelele wanapiga picha, watoto wamebebwa mabegani, na yeye anatembea taratibu, kichwa chini.

"Unaona anaangalia wapi?" mjomba akauliza.

Nikamwambia naona.

"Simamisha hapo nimhesabie mistari." Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu na pua, akaanza, moja, mbili, tatu... kufika ya nne bando likakata.